Nchi Isiyo na Kijana Mgonjwa

Msiniulize nilifikaje Uzimani. Njia nimeisahau, na hata ningeikumbuka nisingemwelekeza mtu. Ninachokikumbuka ni kibao kilichosimama langoni, rangi yake mbichi kabisa, herufi kubwa kubwa: KARIBU UZIMANI. MIAKA ISHIRINI NA MIWILI BILA KIJANA MGONJWA. Nilikisoma mara mbili. Mimi Ngwali ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Nikionyeshwa kitu kizuri mno, moyo unaanza kunidunda. Lakini siku ile nilikuwa na njaa na jua lilikuwa kali, nikaingia.

Langoni palikuwa na karani mpole aliyenipa maji kabla ya kunipa maswali.

"Unakaa siku ngapi, kaka yangu?"

"Kama mwezi hivi."

"Basi unajitolea."

"Najitolea nini?"

"Kwa vijana. Hapa kwetu mgeni akizidisha siku tatu anajitolea."

"Na asipotaka?"

Karani alinitazama kwa huruma ya kweli. "Hajapata kutokea," akasema, akanisukumia fomu. Juu yake palikuwa pameshachapishwa: Mimi, kwa hiari yangu mwenyewe na bila kulazimishwa na mtu yeyote. Nikatia saini, nikapewa kizibao cha kijani kilichonibana kwapani, na hivyo nikawa mwanachama wa Umoja wa Kulea Vijana Wazima.

Nataka niwatendee haki watu wa Uzimani, maana msije mkasema nimekwenda kwa watu nikala chao kisha nikawasema. Watu wale wanawapenda vijana wao. Kila mtu mzima wa nchi ile, awe muuza samaki, seremala au imamu, yumo katika Umoja. Papai la kwanza kuiva mtini ni la kijana. Uwanja bora ni wao, umesawazishwa mpaka huoni kijiwe. Na wamewajengea zahanati, Zahanati ya Vijana, ambayo kwa usafi wake ungeweza kulia chakula sakafuni. Sijaona kwetu kitu kama kile, na nilisema hivyo kwa sauti siku ya kwanza, wakafurahi.

Mafunzo yalichukua asubuhi moja. Aliyetufundisha ni Mwenyekiti wa Umoja mwenyewe, Mheshimiwa Faki Mbarouk, mzee mnene mwenye sauti ya chini na leso mfukoni, maana kila anapotaja neno "vijana" machozi humlengalenga.

"Swali letu ni moja," alisema. "Mzima? Na jibu lake ni moja. Mzima."

Akatuonyesha namna ya kuuliza. Unasimama mlangoni, huingii. Mguu wa kushoto uwe umeshageukia njiani. Ukimaliza kuuliza, unaanza kuondoka, na jibu unalipokea ukiwa unatembea. Tulifanya mazoezi kwa zamu, na mimi nikakosolewa mara tatu kwa sababu nilikuwa nasimama.

"Mheshimiwa," nikamuuliza, "kwa nini tusikae kidogo tumsikilize mtoto?"

Watu wakacheka, lakini kwa upole, kama wanavyocheka watu wazima mtoto akiuliza jua linalala wapi.

"Zamani tulikuwa tunakaa," alinijibu Mwenyekiti. "Tukawa tunapata majibu marefu. Fomu ina kisanduku kimoja tu, Bwana Ngwali. Yale mengine tungeyaweka wapi?"

Nilipangiwa kulala kwa Bi Mashavu, mjane wa makamo aliyekuwa mkuu wa wenye kujitolea wa mtaa ule. Mwanamke mchapakazi, mnyofu, kanga zake zimenyooka kama zimetoka kwa dobi. Alikuwa na binti mmoja, Mize, wa miaka kumi na saba, mcheshi, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Chakula chao kilikuwa kizuri. Kitu kimoja tu kilinishangaza katika nyumba ile: kinu. Bi Mashavu alikuwa akitwanga asubuhi, adhuhuri na alasiri, kwa vishindo vya kutetemesha ukuta, na mezani sikuona kisamvu wala unga wala kitu chochote cha kutwangwa. Nikajiambia, Ngwali, umekuja juzi tu, nyamaza, kula wali wako.

Siku ya pili nilipita barabara ya sokoni nikaona watu wamekaa barazani na mikongojo yao. Nikaanza kuwasalimia nikiwa mbali, kwa adabu niliyolelewa nayo: "Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba!" wakaitika, na sauti zao zikanishtua. Zilikuwa nyembamba.

Nilipokaribia niliona. Wazee wa kweli walikuwa wanne au watano, meno yameshawatoka. Waliobaki, wapatao kumi na watano, walikuwa watoto. Wasichana wenye misuko mipya. Wavulana ambao ndevu zao zilikuwa bado zinafikiria kama zije. Kila mmoja ana mkongojo na kofia ya kahawia, wanawake wana mtandio wa rangi hiyohiyo. Kijana mmoja mwembamba, macho yana manjano kidogo, alinisogezea nafasi huku akiuma meno kwa maumivu.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. "Umetoka mbali?"

Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nilikaa.

Jina lake lilikuwa Vuai. Tuliongea habari za mvua na za bei ya dagaa, kama waongeavyo wazee. Mkono wake haukuacha kusugua goti. Nilipomuuliza anaumwa nini, wote waliokuwa pale barazani walitazama chini, na yeye akanijibu taratibu: "Uzee, mwanangu. Uzee tu."

Nilirudi nyumbani mbio. Bi Mashavu alikuwa akikunja vizibao, nikamrukia na maswali hata kabla ya kuvua viatu.

"Kwani kwenu sheria yenu inasemaje?" aliniuliza, akishangaa.

"Kwetu hatuna sheria ya jambo hilo."

"Basi ndiyo maana vijana wenu wanaumwa." Akaweka kizibao chini. "Sheria yetu ni fupi. Kijana ni mtu wa chini ya miaka ishirini na mitano aliye mzima. Asiye mzima si kijana."

"Ni nani?"

"Mzee. Wazee ndio wanaoumwa, Bwana Ngwali, huko kwenu pia. Kijana akishikwa na maradhi tunamzeesha. Kwa heshima kubwa, usidhani tunamtupa! Tunamvika kofia, tunampa mkongojo, tunampa baraza. Watu wote wanampa shikamoo. Shule tunampumzisha."

"Na zahanati?"

"Ile ya vijana."

"Nauliza, huyo aliyezeeshwa anatibiwa wapi?"

"Wazee wana dua," alisema, akarudi kwenye vizibao vyake. Lakini kile alichokuwa anakikunja alikikunja mara nne, akakikunjua, akakikunja tena.

Usingizi ukaanza kunipaa tangu siku hiyo. Kila asubuhi nilivaa kizibao nikazunguka mlango kwa mlango. Mzima? Mzima. Mzima? Mzima. Kama mashine ya kushonea. Niliwaona watoto wakinyoosha mgongo wanaponisikia nakuja. Niliona mvulana akijibu "Mzima" huku jasho linamtiririka na midomo imemkauka, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshageuka, nikaenda zangu. Ndiyo, nilikwenda zangu. Sitaki kujipamba hapa.

Wiki ya pili, alasiri moja, Bi Mashavu alikuwa mkutanoni na mimi nilikuwa uani naosha miguu. Mize alikuwa jikoni anakaanga samaki kwa kuni mbichi, moshi umejaa. Mara akatoka mbio, akashika ukuta kwa mikono miwili, mabega yamempanda mpaka masikioni. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Anavuta hewa haiji. Nikamkimbilia.

"Mize! Una nini?"

"Mzima," akasema, kwa pumzi ndogo iliyobaki.

Sikuondoka. Nilichuchumaa pale chini karibu yake, nikangoja. Alinitazama kwa hofu ambayo sijamwona nayo mtoto mbele ya nyoka.

"Mbona huondoki?" akanong'ona.

"Sijapata jibu."

Ilichukua muda mrefu kifua kutulia. Ndipo akaniambia. Alikuwa na pumu, tangu ana miaka kumi na minne. Moshi unamkaba, vumbi linamkaba, lakini zaidi ya yote linamkaba lile swali. "Nikiwasikia wanakuja tu, kifua kinaanza kufunga," alisema. "Wanakuja watu saba kwa siku, mjomba. Saba!" Na Vuai alikuwa mwenzake, wamekaa dawati moja miaka minne, anaugua selimundu, maradhi ya damu yanayomkata mifupa. Siku alipozeeshwa, aliyemvika kofia kwa mikono yake mbele ya watu alikuwa Bi Mashavu, kwa kuwa ndiye mkuu wa mtaa.

"Mama yako anajua hali yako?"

Mize akatazama kile kinu pembeni, akacheka kwa kuziba mdomo. "Unadhani anatwanga nini kila siku?"

Loo! Nilisimama nikaenda kukichungulia. Kinu kilikuwa kitupu, kikavu, chini kimechimbika kwa kutwangwa bure. Miaka mitatu mama wa watu alikuwa anatwanga hewa, kila akisikia mtu anapita njiani, ili majirani wasisikie kifua cha mwanawe.

Kesho yake nilikwenda Zahanati ya Vijana. Daktari wake, Shaame, mwanamume wa miaka thelathini hivi, alikuwa amekaa peke yake anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangika. Aliniambia ana miaka sita pale na hajapata mgonjwa hata mmoja. Alisema kwa aibu, si kwa majivuno. Kabatini, nyuma ya kioo, niliziona pampu za kuvuta za dawa ya pumu, zimepangwa safu.

"Daktari, nina kijana ana pumu," nikasema.

"Basi si kijana."

"Ana miaka kumi na saba!"

"Naelewa." Alishusha sauti. "Nasikia uchungu kama wewe, wallahi. Lakini mimi ni daktari wa vijana. Mgonjwa akivuka kizingiti hiki anakuwa mzee, na mzee simtibu, sina ruhusa. Mlete akiwa mzima, nitampa dawa yoyote aitakayo."

"Akiwa mzima dawa ya nini?"

"Hilo," alisema Daktari Shaame, "nimeliuliza kwa barua mara mbili. Bado wanalijadili."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kutaka kupiga teke mlango, ila mlango ulikuwa wa kioo na mimi ni mgeni.

Na sasa ndipo wasiwasi wangu ulipopata mwili. Baada ya siku tisa ilikuwa Siku ya Mbio. Kila mwaka vijana wote wa Uzimani huuzunguka uwanja mara nne mbele ya Umoja. Anayefika ni kijana kwa mwaka mwingine. Asiyefika anavikwa kofia palepale. Na kila kijana lazima aje na karatasi ya aliyejitolea kwake, imetiwa saini: Mzima. Aliyejitolea kwa Mize mwaka ule, kwa mpango wa Umoja, nilikuwa mimi.

Nilimwita Bi Mashavu uani. Sikuzunguka. "Bi mkubwa, nimekiona kinu."

Alikaa chini palepale, kwenye udongo, na zile kanga zake safi.

"Mwaka jana alifika?" nikamuuliza.

"Alifika wa mwisho. Nilimbeba nyumbani mgongoni nikasema nafurahia. Watu wakapiga vigelegele."

"Mwaka huu je, kifua kikifunga katikati ya uwanja?"

"Hakitafunga."

"Kikifunga?"

"Bwana Ngwali, usipotia saini anazeeshwa kesho," alisema, akinishika mkono kwa nguvu. "Utamwona pale barazani, na ule mkongojo, anaomba dua. Akishikwa na kifua hakuna atakayestuka. Watasema bibi kazeeka. Mimi nimewavika kofia watoto wa watu, najua wanavyokwisha. Tia saini. Nakuomba kama ndugu yangu."

Nikamuuliza Mize mwenyewe, naye akasema: "Tia, mjomba. Naweza." Alisema haraka mno, kama anavyojibu mlangoni.

Basi nikatia. Herufi ya kwanza ya jina langu ilitoka kama mnyoo. Niliambiwa na nafsi yangu kwamba nafanya huruma. Leo nikikumbuka najiita jina ambalo siliandiki hapa.

Siku ya Mbio uwanja ulijaa. Bendera za kijani, ngoma, akina mama na makopo ya maji ya ndimu. Upande wa kivulini walikaa wazee, wa kweli na wa kuvikwa, na Vuai akiwa mbele kabisa, goti lake limefungwa kitambaa. Daktari Shaame alisimama kwenye mstari wa chokaa na mkoba wake, kama anavyotakiwa kila mwaka, kwa ajili ya picha. Mwenyekiti Faki alitoa hotuba na leso ikalowa. Kisha filimbi.

Mzunguko wa kwanza Mize alikuwa katikati ya wenzake. Wa pili akarudi nyuma. Vumbi lilikuwa limeamka, na mimi nilikuwa natembea pembeni ya uwanja sambamba naye, naomba, nahesabu pumzi zake kwa macho. Wa tatu, penye kona ya mbali, aliweka mkono kifuani. Akaenda hatua tano. Akapiga magoti, halafu akakaa.

Nilikimbia. Wenzangu wawili wenye vizibao walinidaka.

"Haguswi!" walinipigia kelele. "Haguswi mpaka Umoja ukae!"

Maana sheria ilikuwa hivyo. Kijana akikaa chini kwenye mbio, Umoja lazima uamue kwanza kama anapumzika au anaumwa. Akiwa anapumzika ni kijana, na daktari anaweza kumwendea, ingawa hana haja naye. Akiwa anaumwa ni mzee, na daktari hawezi kumwendea. Wakasogea wote, wajumbe wa Umoja, na vitabu vyao, wakamzunguka mtoto kwa umbali wa heshima. Ule mluzi wa kifua ulisikika mpaka kwenye ngoma, na ngoma zikanyamaza.

"Wajumbe," alisema Mwenyekiti, "mnamwonaje?"

"Mimi naona amekaa," alisema mjumbe wa kwanza.

"Amekaa kwa kupenda au bila kupenda?" akauliza wa pili.

"Hatuwezi kujua moyo wa mtu."

"Mheshimiwa, nina hoja. Amekaa chini, na kijana wetu hapaswi kukaa chini. Aletewe kiti, kisha ndipo tujadili kukaa kwake."

"Naunga mkono!"

Na wallahi kiti kililetwa. Kiti cha mbao, kimefutwa vumbi. Wakakiweka karibu yake, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumgusa, wakamwomba akikalie. Midomo ya Mize ilikuwa imeshageuka rangi. Aliwatazama kama mtu aliye chini ya maji anavyowatazama walio juu.

"Amekataa kiti," mjumbe mmoja akasema. "Iandikwe."

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, nadhani nilitukana. Niliwaambia saini ile ni ya uongo, nimeitia mimi, nifungeni mimi, mpeni mtoto dawa. Mwenyekiti alinigeukia na macho yake yamejaa machozi ya kweli.

"Bwana Ngwali, unadhani hatuoni?" aliniambia taratibu. "Lakini nikisema anaumwa, Shaame hatamgusa. Nikisema anapumzika, nimesema uongo mbele ya vijana wote. Nifanye nini? Nifundishe wewe."

Wasiwasi wangu wote wa miaka hamsini na mbili ulikuwa umenifikisha pale.

Ndipo nikamwona Bi Mashavu. Alikuwa amesimama na kizibao chake cha ukuu, na kikapu cha kofia na mitandio ya kahawia mkononi, maana yeye ndiye wa kumvika mwanawe. Alikiweka kikapu chini. Akauvuka mstari, akawapita wajumbe akiwasukuma kwa viwiko kama mtu anayepita sokoni, akapiga magoti, akamkumbatia Mize kifuani kwake.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Ni kijana na anaumwa."

Mnaweza kucheka, kwenu maneno hayo ni ya kila siku. Pale hayakuwa yamepata kutamkwa pamoja kwa miaka ishirini na miwili. Niliwaona watu wakiyarudia kimyakimya kwa midomo.

"Kijana na anaumwa," alisema tena, sasa kwa ukali. "Shaame! We Shaame! Unangoja nini? Ana pumu, alianza akiwa na miaka kumi na minne, nami nimeificha. Njoo!"

Daktari Shaame alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa, leso imebanwa puani, hakusema njoo wala usije. Shaame akautazama ule mstari wa chokaa chini ya kiatu chake. Akauvuka. Baada ya hatua mbili akaanza kukimbia, mkoba unampiga ubavuni, na alipofika akaangusha pampu ya kwanza kwenye vumbi. Ya pili aliishika vizuri. Alimwinua Mize kidevu, akamwambia, "Vuta. Taratibu. Vuta tena." Bi Mashavu alikuwa anavuta naye, kwa sauti, kama vile angeweza kumvutia.

Sijui tulisubiri muda gani. Najua nilikuwa nimeshika kile kiti cha mbao kwa mikono miwili. Mluzi ulipungua. Rangi ikarudi kwenye midomo. Halafu Mize akakohoa, akameza mate, akasema neno la kwanza.

"Maji."

Nikalia. Nililia kwa sauti mbele za watu na kizibao changu, na sikuona haya.

Karani wa Umoja alimwendea Mwenyekiti akamuuliza aandike nini. Mwenyekiti alifikiri. "Usiandike," alisema. Halafu akaniuliza mimi, kwa unyonge wa mtu anayetaka kujua kweli: "Na kile kibao cha langoni, Bwana Ngwali? Tutawaambia nini watu?" Lakini Daktari Shaame alikuwa amesimama katikati ya uwanja, suruali ina vumbi magotini, na alikuwa anawatazama watu wa kivulini.

"Yuko mwingine?" aliuliza.

Hakuna aliyejitikisa. Wale watoto wa mikongojo walikaa wima, mikono juu ya mapaja. Msichana mmoja alikohoa akakimeza kikohozi. Mama zao walikuwa upande wa pili na makopo yao ya ndimu, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza.

Bi Mashavu alimwacha Mize mikononi mwangu. Alitembea mpaka kivulini, akasimama mbele ya Vuai.

"Vuai, mwanangu," alisema. "Inuka twende kwa daktari."

"Mwanao nani?" Vuai alijibu, bila hasira, kwa ile sauti ya kizee aliyojifunza. "Mimi mzee, Bi Mashavu. Wewe mwenyewe ulinivika."

"Nilikosea."

"Hukukosea. Ulinipa shikamoo mbele za watu. Ukanibusu mkono."

Bi Mashavu alinyoosha mkono, akamvua ile kofia ya kahawia kichwani, na nywele za mvulana yule zilikuwa nyeusi tititi, zimelalia upande mmoja.

"Una miaka kumi na tisa," akamwambia.

Midomo ya Vuai ikaanza kucheza. Alijaribu kuizuia, ikamshinda.

"Sema tena," alisema.

"Una miaka kumi na tisa. Wewe ni kijana, na unaumwa mifupa."

Akamshika bega ili asimame. Walianza kuuvuka uwanja kumwendea daktari, polepole sana, kwa sababu goti lilikuwa linamuuma kweli, na kila baada ya hatua mbili tatu Vuai alisimama akamtaka aseme tena, naye akasema.